Waliopita Asubuhi

Nina vikombe vitatu vya Kombe la Malkia, na kuku wa mama yangu hunywa maji katika kimoja. Viwili vingine huzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Wageni wakija kwetu Kithimani huuliza kwa nini nimevitupa hivyo, nami huwaambia kwamba kikombe kisichonipeleka popote hakina tofauti na sufuria. Mama hukasirika nikisema hivyo. Yeye alivililia kwa furaha, vyote vitatu.

Kombe la Malkia ni mbio za magari za wanawake peke yao. Lilianzishwa na Wamuyu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa sokoni, ambaye watu wote humwita Mama Jeremy. Kila klabu yetu inapoandaa rali, wanaume hukimbia asubuhi, mizunguko miwili, katika mashindano wanayoyaita ya wazi. Halafu mchana, wao wakiwa wameshaketi kula nyama, sisi hupewa barabara ileile tuikimbie mara moja. Tunapigwa picha nyingi. Magari yetu hubandikwa stika za zambarau za kampuni ya rangi inayotudhamini, na jioni mtu wa kampuni hiyo husimama na kusema kwamba mwanamke anaweza. Nilimsikia akisema hivyo miaka mitatu mfululizo, na kila mara nilitaka kumwuliza anaweza nini.

Maana hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoka Kombe la Malkia akafika kwingine. Mshindi wa kwanza kabisa aliolewa Masinga, na lile gari lake sasa linabeba samaki. Mimi mwenyewe siku za kawaida naendesha Canter ya mjomba, napeleka nyanya na vitunguu sokoni, huku Subaru yangu ikikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Nilichotaka ni leseni ya mbio za kitaifa. Klabu ilikuwa na sharti moja la kuipata: umalize katika kumi bora kwenye mashindano ya wazi. Mwaka huo yalikuwa yamebaki mawili, ya Katangi na ya Masinga. Mdhamini naye alikuwa na sharti lake: dereva akitoka Kombe la Malkia kwenda kushindana na wanaume, harudi tena.

Kwa hiyo ningetoka na kukosa kumi bora mara zote mbili, ningekuwa nimekwisha. Ningebaki na Canter na nyanya.

Kusema kweli, sikuwa na wasiwasi. Mwaka uliotangulia, hukohuko Katangi, muda wangu wa mchana ulikuwa bora kuliko wa wanaume wote wa asubuhi isipokuwa watatu. Barabara ilikuwa ileile na kona zilezile. Niliukariri muda huo kama sala, nikamsomea kila aliyekubali kunisikiliza na wengine ambao hawakukubali. Kichwa kilinivimba mpaka helmeti ikawa inabana.

Nilikwenda kumwarifu Mama Jeremy dukani kwake. Nilimkuta akipima misumari kwenye mizani, amesimama kama kawaida yake, uzito wote kwenye mguu mmoja. Nyonga yake moja ni mbovu. Zamani aliwahi kukimbia, msimu mmoja tu, kabla sijazaliwa, na hakupenda kuulizwa uliisha vipi. Alinisikiliza bila kuacha kupima. Nilipomaliza aliniambia sijakomaa, ningoje mwaka mmoja zaidi. Nikauliza ningoje nini. Akasema kuna barabara ambazo sijawahi kuendesha. Nikamwuliza barabara zipi hizo, maana kila njia ya vumbi ya Yatta naijua kwa jina. Hapo akaniambia nisimzuilie wateja mlango.

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimekwenda kwa heshima, nimevaa hata leso, na yeye ananijibu kama mtoto aliyetumwa chumvi.

"Mama Jeremy, wewe umetufungia kwa boma," nikamwambia. "Unataka tukae hapo tupigwe picha ndio duka yako ijulikane."

Aliweka misumari chini.

"Kabla ya Kombe kulikuwa na wanawake wangapi kwa hii mbio? Walikuwa wawili, na mmoja alikuwa ni mimi. Saa hii mko kumi na tano. Hiyo boma unatukana ndio imekulea. Sasa toka kwa duka yangu."

Nilitoka. Waliokuwa wakingoja saruji walisikia kila neno, na kabla jua halijatua soko zima lilikuwa limeshajua kwamba Mwelu amemtusi Mama Jeremy. Jumapili aliponiona kanisani alihama benchi. Wanawake wa Kombe nao wakaanza kunichimba kwenye simu. Mmoja wao, Wavinya, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akishika nafasi ya pili nyuma yangu kila mwaka, aliniandikia kwamba heri niende zangu, labda sasa naye atashinda. Huyo angalau alikuwa mkweli.

Siku ya Katangi tulikutana madereva wote kwenye hema kando ya soko. Maundu, mwenyekiti wa klabu, ndiye aliyesoma mpangilio wa kuondoka. Klabu yetu ina desturi yake ya tangu zamani: anayeingia mashindano ya wazi kwa mara ya kwanza ndiye anayefungua barabara. Nilikuwa nimeisikia desturi hiyo, na siku zote niliichukulia kuwa ni ukarimu. Kwetu mgeni ndiye anayepakuliwa kwanza, tena anapewa kipande kizuri. Nilidhani ni mambo hayohayo.

Maundu alitaja jina langu, kisha akaongeza kwamba leo ni wanawake mbele. Hema zima likacheka. Nami nikacheka, hata nikainua mkono kuwashukuru. Muiruri, bingwa wa msimu uliopita, kijana wa wafanyabiashara mwenye gari linalong'aa hata likiwa na matope, alikuja kunipa mkono na kunikaribisha kwa adabu nyingi. Wapiga picha walinisimamisha kando ya mlango wenye namba moja. Nilijisikia mtu mkubwa.

Syombua hakucheka. Huyo ni binamu yangu, ndiye anayekaa kiti cha pili akinisomea kona, na huzisoma kwa Kikamba: aume ni kulia, upande wa wanaume, na aka ni kushoto, upande wa wanawake. Alininong'oneza tukifunga mikanda: kama kutangulia ni heshima, mbona bingwa hakuitaka? Nilimwambia asome kona, kufikiri aniachie mimi.

Tuliondoka. Kona ya kwanza ilikuwa aka, ninayoijua kama mlango wa kwetu. Nilikanyaga breki palepale nilipokanyaga miaka mitatu, na gari halikusimama. Greda la kusawazisha barabara lilikuwa limepita wiki hiyo, mvua haikuwa imenyesha kwa miezi, na juu ya udongo mgumu wa murram kulikuwa na tabaka la vijiwe vya mviringo. Ilikuwa kama kukimbia sakafuni mbaazi zikiwa zimemwagika. Niligeuza usukani na gari likaendelea mbele kama halijanisikia. Tulipenya ua wa katani, tukapanda tuta la shamba la watu, tukakwama huko injini ikiwa inapiga kelele. Watazamaji walikuja mbio wakatusukuma mpaka barabarani, wakicheka, mmoja akiniuliza kama nimekuja kulima.

Baada ya hapo niliogopa. Sikuwa nimewahi kuogopa ndani ya gari, na sikujua nifanye nini na woga ule. Kila kona nilifika kwa kasi mno au polepole mno. Syombua alisoma kwa sauti ileile tulivu, nami nikamchukia kwa utulivu wake. Tulipofika mwisho, na wote walipokwisha kupita, waliokuwa nyuma yetu kwa muda walikuwa wawili tu, ambao magari yao yaliharibika njiani.

Kabla ya hapo, wenzetu wakiwa bado wanakuja, nilikuwa nimevua helmeti na kurudi kwa miguu mpaka kona ya mwisho kuwatazama wakipita. Nilitaka kuona wao wanafanya nini ambacho mimi sikufanya. Hawakuwa wakifanya kitu. Barabara ndiyo iliyokuwa imebadilika. Kila gari lilikuwa linarusha vijiwe pembeni, na pale magurudumu yalipopita palikuwa na njia mbili nyekundu, ngumu, safi, kama uwanja wa nyumba uliofagiwa siku ya arusi. Gari la kumi lilikuta pasafi kuliko la tano. Muiruri, aliyeanza wa mwisho kama bingwa, alipita hapo bila hata kuyumba.

Tulipokutana penye mafundi alinipungia mkono.

"Asante kwa kufagia, madam," akasema.

Hakusema kwa dharau. Alisema vile mtu anavyomshukuru anayemletea chai, na ndivyo ilivyoniuma. Nilisimama pale na kilichoniingia kichwani hakikuwa Katangi ya siku hiyo. Kilikuwa Katangi ya mwaka uliopita, na Masinga, na vikombe vyangu vyote vitatu. Sisi wa Kombe tulikuwa tukikimbia mchana, baada ya wanaume wote kupita asubuhi mara mbilimbili. Ule muda wangu niliougeuza sala niliupata kwenye barabara iliyofagiwa. Sikuwa nimewahi, hata mara moja, kushindana kwenye barabara ambayo hakuna aliyeipita kabla yangu.

Na aliyetupangia mchana ni mtu mmoja tu.

Nilimkuta kwenye kamba ya watazamaji, ameegemea mguu wake mzima. Sikumsalimu.

"Ulijua?"

"Nilijua," Mama Jeremy akasema. "Tangu siku ya kwanza. Mimi ndio nilimwomba Maundu mkimbie mchana."

Kisha akanieleza, akiwa ametazama barabara wala si mimi. Mwaka wake naye alitangulizwa vivyo hivyo, kwa maneno yaleyale na kicheko kilekile, akainua mkono vilevile. Kwenye kona ya tatu gari lilipinduka, katani ya kando ikaingia mpaka ndani. Alilala hospitalini kutoka mavuno mpaka mavuno, na alipotoka aliambiwa kwamba sasa kila mtu ameona wanawake hawawezi. Kwa miaka mingi baada ya hapo hakuna msichana aliyekubaliwa kukimbia Machakos nzima. Alipoanzisha Kombe alitaka jambo moja: asipinduke mtu, kwa sababu mmoja akipinduka tu watalifunga.

"Na hakuna mmoja amepinduka," akasema.

Nilimwonea huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, lakini haikukaa, hasira ilirudi ikaifunika.

"Ungetuambia, Mama Jeremy. Kutuweka nyuma, sawa. Lakini utuambie tuko nyuma."

"Ningewaambia, mngekimbia na roho gani? Ulikuwa unaenda mbio sababu uliamini unaweza."

Nilimwambia huko ni kutudanganya. Akasema huko ni kulea, na kwamba nitamwelewa siku nitakapokuwa na wa kulea. Nilikuwa na la kumjibu, tena baya, lakini Syombua alikuwa ananiita garini.

Mzunguko wa pili niliendesha kwa chuki. Sasa barabara ilikuwa imeshafagiwa na kila mtu, na ingawa bado niliondoka wa kwanza, ilikuwa barabara ninayoijua. Nilimchukia Muiruri kona za kulia na Mama Jeremy kona za kushoto, na gari likaenda. Muda wangu wa mzunguko huo ulikuwa wa tatu kati ya wote. Lakini mizunguko hujumlishwa, na walipojumlisha nilikuwa wa kumi na moja.

Maundu alikuja kunipa pole. Alisema nimejitahidi sana kwa mwanamke, na kwamba isingekuwa ule mzunguko wa kwanza ningekuwa na leseni mkononi. Alikuwa anatabasamu. Sijui nilijizuiaje.

Ilibaki Masinga. Huko sikuwa mgeni tena, kwa hiyo ningeondoka kulingana na nafasi yangu ya kumi na moja, wa mwisho wakitangulia na bingwa akifunga: mimi katikati ya msafara. Hata hivyo sikutaka kutegemea hilo. Kila greda lilipopita mahali, iwe Katangi au kando ya mfereji wa Yatta, nilikwenda alfajiri kabla ya magari mengine nikajifunza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Breki mapema. Usukani kidogo. Kuliacha gari liteleze bila kulipigia kelele. Syombua alinisomea kona na safari hii nikamwachia na kufikiri pia.

Na Mama Jeremy hatukusalimiana. Nilisikia kwamba wanawake wa Kombe wanaitwa mikutano dukani kwake baada ya kufunga, lakini mimi sikualikwa, na nilijifanya sijali. Nilijali sana.

Nilifika Masinga saa moja asubuhi. Upepo ulikuwa unatoka bwawani na harufu ya samaki. Nilipokaribia mahali pa kuanzia niliona stika za zambarau, magari yamepangwa mstari, wanawake wameshavaa helmeti. Mwanzoni nilidhani ni picha za mdhamini. Kisha nikamsikia Maundu akimweleza mtangazaji wa redio kwamba klabu imeamua kuwapa akina mama heshima yao, kuanzia leo Kombe la Malkia litatangulia asubuhi. Alikuwa na furaha kupita kiasi. Baadaye niliambiwa kwamba Mama Jeremy ndiye aliyeliomba jambo hilo, na kwamba Maundu alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vyao na chupa za chai, wamechangamka. Muiruri aliniinulia kikombe. Nilielewa palepale. Walikuwa wamepata wafagiaji msafara mzima. Na mimi pia nilikuwa nimewapata, maana ningeanza nyuma yao wote, nyuma ya wanaume wanane tena. Nilipitia kichwani barabara jinsi itakavyokuwa zamu yangu ikifika, nikashikwa na tamaa na haya, vyote pamoja.

Nilimwendea Mama Jeremy.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia yote. Hata nyonga nimewaonyesha. Nikawaambia asiyetaka asiende." Aliwatazama. "Wawili wamekataa. Hao kumi na wawili wamesema wataenda."

Niliwahesabu, gari moja baada ya jingine.

"Ulitaka waambiwe," akaendelea. "Wameambiwa, sasa wajifunze barabara chafu. Na wewe enda utafute leseni yako. Leo utapata barabara safi sana."

Hakulisema hilo kwa wema. Ningeweza kwenda kwa Maundu nikaomba nitangulie pamoja nao. Nililifikiria jambo hilo, nikalipima, nikaliacha. Nilitaka leseni. Katangi nilikuwa nimeshawafagilia watu wazima kumi na nane na hakuna aliyenililia.

Wavinya ndiye aliyefungua. Nilisimama kwenye kona ya kwanza nikamwona akifika na kupiga breki mapema sana, mapema kuliko nilivyowahi kumwona mwoga yeyote akipiga, na nikajua kwamba si woga, ni kwamba ameambiwa. Gari liliteleza, likatikisika, likakubali. Vijiwe viliruka pembeni kama mvua ya mawe. Nyuma yake wakaja wengine mmojammoja. Wa nne aliingia kwenye mahindi, akatolewa na watazamaji bila kioo cha pembeni. Wa tisa, msichana mdogo anayeuza mitumba Katangi, alipinduka karibu na bwawa. Gari lililala ubavu. Alitoka kwa dirisha mwenyewe, akasimama barabarani na helmeti mkononi, analia kwa hasira, akimfukuza kila aliyetaka kumshika.

Nilimtazama Mama Jeremy wakati huo. Hakusogea. Midomo ilikuwa imemkauka.

Waliomaliza walimaliza polepole. Hakuna mwaka ambao muda wa Kombe la Malkia ulikuwa mbaya vile. Mtu wa kampuni ya rangi alisimama amefunga mikono kifuani na safari hii hakusema mwanamke anaweza.

Halafu wakaondoka wanaume, na zamu yangu ikafika. Sina mengi ya kusimulia kuhusu mbio zenyewe. Barabara ilikuwa nyekundu, ngumu, safi. Pale kwenye mahindi yaliyolala nilipita kwa kasi. Pale bwawani nilipita juu ya vipande vya kioo. Syombua alisoma aume, alisoma aka. Nilipata nafasi ya sita. Leseni ilikuwa yangu. Muiruri alishinda na kuvunja rekodi yake mwenyewe, na karibu kila mwanaume siku hiyo alikimbia kasi kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake.

Mtangazaji wa redio alinifuata na kinasa sauti, akasema tuko hewani. Alianza kwa kuwaeleza wasikilizaji kwamba leo tumeshuhudia jambo la kufikirisha. Wanawake waliobaki kwenye mbio zao wenyewe wameporomoka, mmoja hata kapinduka, ilhali Mwelu aliyethubutu kutoka na kushindana na wanaume ameingia kumi bora. Akaniuliza: je, hizi mbio za wanawake peke yao zinawasaidia, au zinawarudisha nyuma?

Swali hilo nilikuwa na jibu lake tayari kwa miaka mitatu. Ningelijibu hata usingizini, tena kwa raha. Maundu alikuwa kando yake anatikisa kichwa kukubali kabla sijafungua mdomo. Mtu wa kampuni ya rangi alikuwa amesogea kusikiliza. Ng'ambo ya kamba Mama Jeremy alikuwa amemkalisha yule msichana kwenye kiti, anamtoa vipande vya kioo kwenye nywele. Aliniangalia mara moja. Hakuwa ananiomba kitu. Nafikiri alijua nitakachosema, na alikuwa ameshajiandaa kukisikia.

"Hiyo kitu usiniulize mimi," nikasema. "Mimi nimeanza nyuma ya wanawake kumi na wawili. Muiruri pia. Hiyo rekodi wamemfagilia wao, na hii leseni yangu pia. Uliza waliopita asubuhi."

Mtangazaji alicheka, akaniambia kwamba unyenyekevu wangu ni mfano kwa vijana, akahamia kwa Muiruri.

Jioni nyumbani Mama alifungua redio kwa sauti ya juu kabisa ili majirani wasikie jina langu. Walilitaja, tena mara nyingi. Walitaja rekodi. Wakasema kwamba wanaume wa Machakos mwaka huu wana kasi ya ajabu, na kwamba mdhamini wa Kombe la Malkia anajiuliza kama bado kuna haja ya kombe hilo, sasa kwa kuwa Mwelu ameonyesha wanawake wanaweza kushindana popote. Jibu langu walilikata. Mama alipiga makofi, akaenda nje, akamwaga maji ya kuku na kuanza kukisugua kile kikombe kwa jivu. Nilimwomba aache. Hakuacha, na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jumatatu nilisimamisha Canter mbele ya duka la Mama Jeremy. Alikuwa anapima misumari. Kwenye kaunta kulikuwa na lundo la stika za zambarau zilizobanduliwa, zimejikunja. Sikuhitaji kuuliza.

"Umeipata," akasema.

"Nimeipata."

Hakunipa hongera. Nilimwuliza wasichana je. Akasema Jumamosi ijayo wanakutana Kithimani hapahapa, stika au bila stika, na Wavinya ameomba afungue tena. Yule aliyepinduka ameuliza ni fundi gani atamnyooshea mlango. Nikasema nitamletea wa kwetu. Akasema sawa, bila asante.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Huko kwa wakubwa wakikuambia wanawake mbele, utafanya aje?"

"Nitaangalia kwanza nani anacheka," nikamwambia.

Kisha akamwaga misumari kwenye mizani na kuniambia nisogee, nimezuia wateja mlango. Nilisogea pembeni, nikaegemea magunia ya saruji, na safari hii hakunifukuza.